Tazama Tarehe Kabla ya Riba

Kila Desemba sisi tunaoandika kuhusu fedha hurudia ushauri uleule: linganisha riba, chukua mkopo wa bei nafuu, tumia kwa kiasi. Ushauri huo hauna kosa, lakini haumfai sana mtu aliyesimama kwenye foleni ya duka kuu tarehe 22 akiwa na pesa ambazo hazitamfikisha nusu ya Januari. Kwa mkazi wa Kisumu mwenye bajeti finyu, mimi naona riba ni swali la pili. La kwanza ni tarehe. Deni hili litadaiwa siku gani, na siku hiyo ni shilingi ipi itakayokuwa imeingia mkononi?

Nina sababu ya kuanzia hapo. Wafanyakazi wengi wa serikali, awe mwalimu wa Nyando au muuguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, mshahara wa Desemba huwafikia mapema, mara nyingi kabla ya Krismasi. Unaofuata ni wa mwisho wa Januari. Katikati kuna siku kama 40, na ndani ya siku hizo shule zinafunguliwa. Mzazi mwenye mtoto sekondari anaujua kwa kichwa mgawanyo wa karo wa 50:30:20: nusu ya karo ya mwaka mzima inatakiwa muhula wa kwanza. Ongeza sare, magodoro ya bweni, madaftari na nauli ya kumrudisha mtoto shuleni. Deni lolote litakaloiva kati ya Mwaka Mpya na tarehe 25 Januari litakutana na mwalimu mkuu mlangoni, na kati ya hao wawili mwalimu mkuu ndiye atakayelipwa. Mkopo utasubiri, na mkopo hausubiri bure.

Tuanze na kadi ya mkopo, ingawa wenye nayo mjini hapa ni wachache: mhadhiri wa Maseno, daktari, mfanyakazi wa shirika, mwenye biashara ambaye benki imemwamini. Kadi husifiwa kwa kipindi chake kisicho na riba, ambacho benki hupenda kukitangaza kuwa takriban siku 50. Wengi huelewa kwamba kila wanachonunua kina siku 50. Sivyo. Kadi ina siku yake ya kufunga hesabu kila mwezi, na baada ya hapo hukupa wiki kadhaa za kulipa. Tuseme yako inafunga tarehe 15. Ukinunua jiko la gesi tarehe 14 Desemba, bei yake inaingia kwenye hesabu ya kesho yake na utatakiwa kuilipa mwanzoni mwa Januari, wakati ambao huna kitu. Ukilinunua tarehe 16, linaingia kwenye hesabu ya Januari na malipo yake yanaangukia mwanzoni mwa Februari, baada ya mshahara kuingia. Jiko ni lilelile na bei ni ileile, ila la kwanza umelinunua kwa riba na la pili bila riba. Nimekutana na watu waliotumia kadi miaka mingi bila kujua hesabu yao hufungwa lini. Tarehe hiyo imeandikwa kwenye taarifa ya kila mwezi, na simu moja kwa benki inatosha kuipata.

Kisha kuna malipo ya chini kabisa, yale ambayo benki inakuambia ukiyatoa hutakuwa umekiuka mkataba. Hapa ndipo kadi hupata faida yake. Chukua mfano wa shilingi 30,000 za sikukuu, riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na malipo ya chini ya asilimia 10. Mwezi wa kwanza utalipa 3,000, na 27,000 zilizobaki zitavuta riba ya 810. Unaona ni nafuu, unaendelea hivyo hivyo. Krismasi inayofuata ikifika, ukiwa umelipa mara kumi na mbili bila kukosa, utakuwa umetoa zaidi ya 24,500, na bado utadaiwa kama 12,000 za mchele na soda zilizokwisha mwaka jana. Hukuchelewa hata siku moja, na barua ya kukukaripia haijawahi kutumwa. Zaidi ya hayo, ukishaacha salio bila kulilipa lote, kadi nyingi huondoa kile kipindi cha bure hata kwa manunuzi mapya: unga unaonunua Februari unaanza kutozwa riba siku hiyohiyo.

Kuna jambo jingine la kadi ambalo ni la hapa kwetu. Kadi hupokelewa kwenye maduka makuu ya mjini, kwenye vituo vya mafuta na hotelini. Kwenye soko la Kibuye haipokelewi. Mama anayeuza maharagwe Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limefurika mpaka barabarani, anataka pesa mkononi au M-Pesa, na bei yake huenda ikawa chini kuliko ya rafu ya duka kuu, hasa ukinunua kwa gorogoro. Kwa hiyo mwenye kadi anasukumwa kwenda mahali ambapo vitu ni ghali kwa sababu ndipo mkopo wake unapokubalika. Au anafanya vibaya zaidi: anaenda kwenye mashine ya ATM, anatoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, kisha anaenda nazo Kibuye akidhani ameokoa. Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo kwa kawaida kuna ada yake ya papo hapo, na riba yake huanza siku ileile bila kungoja tarehe yoyote. Kile alichopunguziwa kwenye maharagwe amekilipa kwenye mashine.

Mkopo wa Krismasi wa watu wengi hapa, hata hivyo, uko kwenye simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa, ikafuata Novemba 2012, na Fuliza, ile inayokujazia salio lisipotosha, ikaja Januari 2019. Fuliza imesemwa vibaya sana, na mara nyingi kwa sababu isiyo sahihi. Ubaya wake mkubwa uko kwenye umbo la ada. Viwango vya kuanzia 2019 vilikuwa asilimia 1 ya kuingia, kisha ada ya kila siku kwa daraja la deni: shilingi 20 kwa siku ukidaiwa kati ya 1,001 na 1,500, shilingi 30 kwa siku ukidaiwa chochote kati ya 2,501 na 70,000. Piga hesabu ya siku 30. Aliyekopa 1,200 alilipa 612 juu yake, zaidi ya nusu ya deni. Aliyekopa 40,000 alilipa 1,300, yaani asilimia 3 na kidogo. Mchuuzi wa Obunga aliyekosa pesa kidogo ya mafuta ya kukaangia mgongo wazi, yale mabaki ya samaki, alitozwa, kwa kila shilingi, mara kumi na tano ya alichotozwa mwenye mshahara mnono.

Kuanzia Oktoba 2022 ada hizo zilipunguzwa, na deni lisilozidi 1,000 likapewa siku tatu za mwanzo bila ada ya kila siku. Ni nafuu ya kweli. Lakini ada ya daraja ilibaki ada ya daraja, na somo lake kwa mnunuzi wa sikukuu halijabadilika: Fuliza ni ya siku moja, mbili, tatu. Ikiwa unajua kwa hakika kuna pesa inaingia keshokutwa, itakuvusha kwa bei ndogo. Ukiiacha ikae mpaka mshahara wa Januari, unajiweka upande mbaya wa hesabu hiyo.

Na tarehe ya Fuliza ina hila yake. Haikungojei siku fulani. Inakata kila pesa inayoingia kwenye laini, ya mwanzo kabisa, bila kuuliza ilikuwa ya nini. Kijana aliye Nairobi anamtumia mamake Seme pesa za kununulia kuku na unga wa ngano. Laini ya mama ina Fuliza ya wiki mbili zilizopita. Kuku ameliwa kabla ya kununuliwa. Mchango wa matanga ukikusanywa kwenye laini yenye deni, mambo ni hayohayo, na hapo aibu huwa ya ukoo mzima. Anayepokea pesa za watu wengine mwezi wa Desemba, awe mweka hazina wa chama au dada mkubwa wa familia, na asiwe na Fuliza hata ya shilingi mia. Alipe kwanza, ndipo atoe nambari yake.

M-Shwari ni ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na ukishindwa kulipa, deni husogezwa siku 30 nyingine kwa ada nyingine ya aina hiyo. Inaitwa ada, wala si riba. Sheria ya 2016 ilipoziwekea benki kikomo cha riba, mpaka ilipofutwa Novemba 2019, mikopo hii iliendelea na bei yake ileile huku watu wakidhani bunge limewaokoa. Lakini turudi kwenye tarehe. Uliyokopa 20 Desemba inaiva 19 Januari. Angalia kalenda yako mwenyewe uone kuna nini 19 Januari.

Mfano unaonishawishi zaidi kuliko yote ni Hazina ya Hustler, mkopo wa simu wa serikali uliozinduliwa 30 Novemba 2022, siku 25 kabla ya Krismasi. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka. Kwa mkopo wa 5,000 wa siku 14, hiyo ni kama shilingi 15. Hakuna mkopo wa simu unaoukaribia kwa unafuu. Asilimia 5 huwekwa akiba, kwa hiyo mkononi unapata 4,750, na sina neno na hilo. Tatizo ni zile siku 14. Ukikopa 22 Desemba unatakiwa kulipa 5 Januari, wiki ambayo begi la shule linafungwa. Mkopo wa simu wa bei rahisi kuliko yote umepewa tarehe mbaya kuliko zote kwa mtu anayekopa kwa ajili ya sikukuu. Anayefuata riba peke yake ataukimbilia, kisha mwanzoni mwa Januari atachukua Fuliza ili aulipe. Kwa mchuuzi anayenunua mzigo asubuhi na kuuza jioni, mkopo huohuo ni mzuri ajabu, kwa kuwa pesa yake inazunguka mara nyingi ndani ya siku 14. Mkopo ni mmoja, tofauti ni siku ambazo pesa ya kila mmoja huingia.

Hapo ndipo pwani ya ziwa inapotufundisha jambo ambalo vitabu vya fedha havina. Kuanzia Dunga hadi Usenge, na ng'ambo huko Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano, mapato ya omena, yaani dagaa, hayafuati tarehe 30. Yanafuata mwezi wa angani. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa totoro huja kwenye mwanga, na mbalamwezi ikiwa imejaa taa hazifui dafu, mitumbwi mingi hukaa ufuoni na wavuvi hushona nyavu. Mama anayenunua omena ufuoni, kuianika na kuipeleka mjini ana wiki za pesa na wiki za ukame, na Krismasi inaweza kuangukia popote. Mwaka 2023 mwezi ulikuwa mpevu usiku wa kuamkia 27 Desemba: sikukuu ilifika ziwa likiwa limelala. Mwaka 2025 mwezi ulikuwa mwandamo tarehe 20 Desemba, giza tupu, wiki nzuri ya kazi kabla ya sherehe. Lakini ukajaa 3 Januari, siku mbili tu kabla ya shule kufunguliwa.

Sasa weka mkopo wa siku 30 juu ya kalenda hiyo. Kutoka mwezi mwandamo hadi mwandamo mwingine ni siku 29 na nusu. Maana yake, mkopo wa siku 30 unaokopwa gizani unaiva gizani, na unaokopwa kwenye mbalamwezi unaiva kwenye mbalamwezi. Mchuuzi wa omena aliyekopa 27 Desemba 2023 kwa sababu ufuo ulikuwa mkavu na watoto wanataka nguo, alitakiwa kulipa 26 Januari 2024. Mwezi ulijaa tena 25 Januari. Alikopa akiwa hana, na deni likamkuta tena hana, wala hakuna uvivu wala anasa katika habari hiyo. Angekopa mtaji wiki mbili kabla, giza lilipoanza, angeulipa kwa omena na kubaki na ya sikukuu. Watu wa ufuoni wanaijua kalenda hii kuliko mimi. Ninachowasihi ni waitumie wanapobonyeza simu, si wanapoteremsha mtumbwi tu. Wanaotengeneza mikopo ya simu jijini Nairobi nao wangefaa siku moja kuja kukaa ufuoni usiku.

Mikopo ya ufuoni ya zamani haikuwa na upofu huo, ingawa ilikuwa na ukatili wake. Mwenye mtaji hutoa nyavu au injini, na mvuvi humuuzia yeye peke yake kwa bei ambayo yeye huitaja. Hakuna riba iliyoandikwa popote. Riba imo ndani ya bei ya samaki, kila siku, labda kwa miaka. Lakini mdai wa namna hiyo angalau hudai siku ya samaki. Sijui nimsifu au nimlaani.

Waliopanga tarehe vizuri kuliko wote ni akina mama wa vyama. Nyoluoro na vikundi vya kuweka na kukopeshana huanza Januari, hukopeshana mwaka mzima kwa riba ambayo mara nyingi ni asilimia 10 kwa mwezi, kisha Desemba hufunga sanduku na kugawana. Mtaalamu wa benki akisikia asilimia 10 kwa mwezi hushika kichwa. Anasahau riba hiyo inarudi kwa wanachama wenyewe, na inarudi wiki ileile wanapoihitaji. Vipo pia vikundi vya sikukuu tu: kila mtu anatoa kidogo kwa wiki, na Desemba inapofika wanachinja ng'ombe, wanagawana mchele, sukari na mafuta ya kupikia yaliyonunuliwa kwa jumla. Hao hawakopi Krismasi; wameilipia tangu masika. Hatari moja nimeiona ikienea: mwanachama anayedaiwa na kikundi hukimbilia mkopo wa simu mwezi wa Novemba ili alipe, asionekane mbaya, apate mgawo. Akipata mgawo, alipe simu siku hiyohiyo kabla hajakanyaga soko. Wengi hukanyaga soko kwanza.

Basi, kwa mwenye kadi na mwenye simu, mimi ningefanya hivi. Ningechukua karatasi na kuandika tarehe ambazo pesa itaingia kati ya leo na mwisho wa Februari, bila kutaja matumizi hata moja. Mshahara, mgawo wa chama, giza la mwezi, kodi ya chumba cha nyuma. Mkopo ambao tarehe yake haimo karibu na mojawapo ya hizo, nisingeuchukua hata ukiwa na riba sifuri. Pili, pesa taslimu iliyopo ningeitumia kwa sherehe, katika masoko ya Kibuye na Jubilee, na ikiisha sherehe imeisha. Kadi, kama ninayo, ningeiweka kwa vitu ambavyo Januari itanilazimisha kununua hata nikikataa: sare, viatu vya shule, madaftari, na ningevinunua siku chache baada ya hesabu ya Desemba kufungwa, ili nivilipe vyote kwa mshahara wa Januari. Watu hufanya kinyume: kadi kwa sherehe, taslimu kwa shule, kisha taslimu haifiki shuleni. Shailoki anayeshika kadi yako ya ATM na nambari yake ya siri simtaji kama chaguo, maana siku ya mshahara wako yeye ndiye atakayekuwa mashineni.

Kuna watakaosoma haya wakiwa wameshakwama. Usikope mahali pengine ili ulipe, isipokuwa mkopo mpya una bei ndogo na tarehe nzuri kwa pamoja. Mkopo wa sakosi wa asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua unaweza kukidhi yote mawili, na huo ndio mmoja ninaoweza kuutetea. Maliza kwanza deni linalotoza kwa siku, kisha linalotoza kwa mwezi. Ukiona hutafika tarehe, iambie benki kabla ya tarehe, kwa maandishi, na utaje kiasi unachoweza na siku utakayokilipa. Ni rahisi kwao kupanga upya deni ambalo bado ni zima. Likishakuwa bovu, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka mpaka: riba itakayolimbikizwa tangu hapo haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwapo lilipoharibika. Na wakopeshaji wa programu za simu wako chini ya Benki Kuu tangu sheria iliyoanza kazi 23 Desemba 2021 na kanuni zake za Machi 2022. Wana haki ya kukupigia wewe. Kumpigia shemeji yako wa Ahero au bosi wako, kwa sababu tu majina yao yamo kwenye simu yako, kumekatazwa, na malalamiko ya namna hiyo hupokelewa na Benki Kuu pamoja na Kamishna wa Kulinda Data. Hifadhi ujumbe na nambari iliyopiga. Bila hivyo malalamiko hayana miguu.